Namna ya Kumpokea Mtoto wa Paka na Kumsaidia Aizoee Nyumba Mpya

Mtoto wa paka anapohamishwa, hupoteza kwa safari moja tu karibu kila kitu alichokuwa akikitambua: harufu ya mama yake, joto la ndugu zake aliokuwa akilala nao wamelundikana, sauti za nyumba aliyozaliwa, na hata kona aliyozoea kujisaidia. Sisi tunaomleta tunaona amepata makao mazuri yenye nafasi na chakula cha kutosha. Yeye anaona pango kubwa lisilo na harufu yoyote anayoijua, lililojaa viumbe warefu wanaotaka kumshika. Ndiyo maana wengi hukimbilia chini ya kitanda dakika ileile wanapofunguliwa, na wenye nyumba hudhani wameletewa paka mkali au mgonjwa, ilhali wanachokiona ni hofu ya kawaida kabisa.

Mwongozo huu umejengwa juu ya wazo moja: dunia ya paka mgeni iwe ndogo kwanza, kisha ipanuliwe kwa kasi anayoitaka yeye mwenyewe. Hatua zimepangwa kwa mfuatano wa siku, ingawa baadhi yake, hasa za chakula na za daktari, zitakwenda sambamba. Paka mmoja huzoea kwa siku tatu na mwingine kwa wiki tatu, na tofauti hiyo hutokana zaidi na malezi ya wiki zake za mwanzo kuliko juhudi za aliyempokea.

Hatua ya 1: Chunguza umri na historia yake kabla ya kumchukua

Mtoto wa paka hapaswi kutenganishwa na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8, na akiachwa hadi wiki ya 12 ni bora zaidi. Wiki hizo nne ndizo ambazo ndugu zake humfundisha kiasi cha nguvu anachoruhusiwa kutumia anapouma kwa mchezo, kwa sababu akizidisha, mwenzake hulia na mchezo hukoma. Paka aliyechukuliwa mapema mno hulikosa somo hilo, na mkono wako ndio utakaolipa karo. Ulizia pia kipindi cha kati ya wiki ya 2 na ya 7, ambapo paka humpokea binadamu kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Ukiambiwa kwamba siku hizo alishikwashikwa na watu, tarajia kazi nyepesi. Ukiambiwa kwamba alizaliwa stoo na hakuguswa na mtu, jipange kwa wiki kadhaa za subira.

Muulize anayekupa kuhusu chakula anachokula, aina ya mchanga anaojisaidia, dawa za minyoo alizokwisha kupewa, na chanjo alizochanjwa pamoja na tarehe zake. Kisha omba kipande cha kitambaa ambacho yeye na ndugu zake walikuwa wakikilalia, kichafu kama kilivyo, na usikifue. Kitambaa hicho kitamtuliza kuliko kitanda chochote cha kununua.

Hatua ya 2: Andaa chumba kimoja tu

Chagua chumba kidogo na tulivu, chenye mlango unaofungika, kisichopitwapitwa na watu. Chumba cha kulala kisichotumika sana kinafaa. Bafu laweza kutumika kwa dharura, ila sakafu yake huwa baridi na mwangwi wake humtisha. Sikio la paka husikia sauti nyembamba za hadi takriban kilohezi 64, zaidi ya mara tatu ya kikomo cha sikio la binadamu, kwa hiyo epuka chumba chenye mashine ya kufulia au televisheni iliyowashwa muda wote.

Ndani ya chumba hicho weka trei ya mchanga katika kona moja, na chakula katika kona iliyo mbali nayo kadiri inavyowezekana, kwa kuwa paka hapendi kula karibu na anapojisaidia, na nadhani hakuna kati yetu atakayemlaumu. Maji yawe na bakuli lake, mbali kidogo na sahani ya chakula. Ongeza kitu cha kukwaruzia kucha na mahali palipoinuka, hata kama ni kiti tu chenye blanketi, kwa sababu paka hujihisi salama anapotazama mambo kutoka juu.

Kitu muhimu kuliko vyote ni maficho. Chukua boksi la katoni, liinamishe kifudifudi, kata matundu mawili pande zinazotazamana, kila moja pana kiasi cha kupitisha ngumi mbili, kisha tandika ndani kile kitambaa ulichopewa. Matundu yawe mawili kwa sababu paka aliyejificha mahali penye mlango mmoja hujiona amenaswa kila mtu anaposogea, naye hujilinda kwa makucha. Ziba pia nafasi ambazo mkono wako hauwezi kufika, kama vile nyuma ya kabati zito au ndani ya kitako cha kochi kilichotoboka, ili maficho anayoyatumia yawe yale uliyomwandalia.

Somo hili nililipata kwa njia ndefu. Paka wangu wa kwanza nilimfungulia katikati ya sebule, nikiamini kwamba nampa uhuru. Aliingia nyuma ya jokofu akakaa huko siku moja na nusu, na tulichokuwa tukikiona ni macho mawili yanayong'aa kwenye mwanga wa tochi. Tulipolisogeza jokofu, akahamia nyuma ya jiko. Aliyemfuata nilimweka katika chumba cha mita tatu kwa tatu chenye boksi moja, na jioni ya pili alikuwa amelala juu ya unyayo wangu.

Hatua ya 3: Piga magoti utafute hatari

Mambo yanayomdhuru paka mdogo huonekana vizuri zaidi kutoka kimo chake, kwa hiyo piga magoti, au hata lala kifudifudi, ukikague chumba kwa jicho la kiumbe mwenye urefu usiozidi shubiri moja. Anza na nyuzi. Uzi wa kushonea, utepe wa zawadi, kamba ya kiatu na mpira wa kufungia vitu humvutia kuliko mchezo wowote, na ulimi wake umejaa vijimwiba vinavyoelekea kooni, hivyo akishaanza kuumeza uzi ni vigumu sana kuutema. Uzi ukinasa ndani, utumbo hujikunja juu yake kama kitambaa kinavyokunjamana kwenye uzi wa mshono, na huweza kukatika. Ukiuona uzi unaning'inia mdomoni au sehemu ya haja kubwa, usiuvute hata kidogo. Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo.

Pili ni maua. Maua ya lili, yaani yale ya jenasi za Lilium na Hemerocallis, ni sumu kali mno kwa paka: chavua ikimdondokea kwenye manyoya akailamba, au akinywa maji ya chombo cha maua hayo, figo zake zinaweza kufa ndani ya siku chache. Katika nyumba yenye paka, maua hayo yasiingie kabisa, hata yakiwekwa juu ya kabati, kwani paka hana mahali anapopaona kuwa juu mno.

Tatu ni dawa. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua paka mzima, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu. Vivyo hivyo dawa za viroboto za mbwa zenye pamethrini humtia mitetemeko na degedege, na makosa mengi ya namna hii hufanywa na watu wema waliodhani kwamba tone moja la dawa ya mbwa linatosha mwili mdogo wa paka. Vitunguu vya aina zote, chokoleti na zabibu navyo visiachwe mezani.

Yaliyobaki ni ya kawaida: funika nyaya za umeme, weka wavu madirishani, funga kifuniko cha choo, na jizoeze kuitazama mashine ya kufulia kila mara kabla ya kuiwasha, kwa sababu nguo zenye joto ndani ya shimo lenye giza ni kitanda asichoweza kukikataa.

Hatua ya 4: Mlete nyumbani bila mbwembwe

Mlete mwanzoni mwa siku zako za mapumziko, mapema mchana, ili apate saa kadhaa za mwanga kabla ya usiku wake wa kwanza. Asafiri ndani ya kasha gumu lenye mlango, lililotandikwa taulo na kufunikwa shuka nyepesi inayopitisha hewa. Paka anayesafiri mapajani hutulia hadi honi ya kwanza, kisha hupanda kichwani mwa dereva.

Mkifika, nenda moja kwa moja hadi chumbani kwake. Weka kasha sakafuni karibu na boksi la maficho, fungua mlango wake, kisha keti kando au toka nje. Usimvute wala usilitikise kasha ili adondoke. Huenda akatoka baada ya dakika mbili au baada ya saa tatu, na vyote viwili ni sawa. Akianza kunusa kuta na kutembea huku tumbo likikaribia kugusa sakafu, anachora ramani ya chumba kichwani mwake, na kazi hiyo haitaki msaidizi. Akishatoka, muoneshe trei kwa kukwangua mchanga kidogo kwa kidole ili asikie mlio wake. Wageni na majirani wanaotaka kumwona wasubiri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la huyu lingoje wiki ya pili.

Hatua ya 5: Pitisha usiku wa kwanza

Atalia. Jioni cheza naye kama amekubali kucheza, kisha mpe chakula, kwa kuwa mwili wa paka umezoea mfuatano wa kuwinda, kula, kujisafisha na kulala. Kwa joto aliloacha kwa ndugu zake, jaza chupa maji ya vuguvugu, izungushie taulo, iweke upande mmoja tu wa malazi ili aweze kusogea mbali akihisi joto limezidi.

Wapo wanaoshauri aachwe alie mpaka achoke. Mimi sikubaliani nao kwa mtoto wa wiki 8 aliyelala peke yake kwa mara ya kwanza maishani, na ushauri wangu ni kutandika godoro chumbani mwake kwa usiku mbili au tatu, ulale bila kumgusa wala kumsemesha sana, ili ajue tu kwamba kuna kiumbe mwingine anayepumua gizani. Jambo la kuepuka ni kufungua mlango kila anapolia na kumbeba, kwa sababu atajifunza kwamba kilio hufungua milango, na somo hilo atalikumbuka saa kumi za alfajiri kwa miaka mingi. Mchana unaofuata usishangae akilala kutwa. Paka wa umri huo hulala saa 18 hadi 20 kwa siku.

Hatua ya 6: Mwache yeye aje kwako

Hapa ndipo kazi halisi ilipo. Ingia chumbani mara nyingi kwa muda mfupi, dakika kumi hadi kumi na tano kila mara, na keti sakafuni ukimpa ubavu badala ya kumkabili. Mtu aliyesimama ni mnara. Aliyeketi anaweza kukaguliwa. Soma kitabu kwa sauti ya chini, au fanya kazi zako za simu kimyakimya, na usimkodolee macho, kwa maana paka hulitafsiri jicho kavu lisilopepesa kuwa ni tishio. Macho yenu yakikutana, yafumbe taratibu nusu, yafumbe yote, kisha yafumbue polepole na utazame pembeni. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza walionesha kwamba paka waliofumbiwa macho namna hiyo walielekea kujibu kwa kufumba yao, na walikuwa tayari zaidi kumsogelea hata mtu wasiyemjua. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na mara ya kwanza utakapojibiwa utakaa sakafuni muda mrefu kuliko ulivyokusudia.

Akisogea, usinyanyue mkono kumshika. Nyosha kidole kimoja, kilegee, kikiwa usawa wa pua yake na umbali wa shubiri moja, kisha ngoja. Atanyosha shingo, pua itagusa ncha ya kidole, na ukibahatika atageuza kichwa na kusugua shavu lake hapo kuanzia pembe ya mdomo hadi karibu na sikio. Kwenye mashavu, kidevu na paji la uso paka ana tezi za harufu, na anapokusugua anakupaka harufu yake ili ukae katika orodha ya vitu anavyovifahamu. Hapo unaweza kumkuna, ukianzia mahali palepale alipokusugulia. Tumbo na shina la mkia yaache kwa siku za mbele, na kwa paka wengine yaache moja kwa moja.

Jifunze kukoma kabla hajakukomesha. Mkia unaoanza kupigapiga sakafu, ngozi ya mgongo inayocheza ghafla, masikio yanayolala upande, au kichwa kinachogeukia mkono wako ni dalili kwamba ametosheka. Mlio ule wa kukoroma kooni ambao watu huuchukua kuwa ni furaha tupu hutoka pia kwa paka mwenye maumivu au hofu, kwa hiyo usome pamoja na mwili wote. Ukilazimika kumbeba, tia mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mbebe karibu na mwili wako, na mshushe mara anapoanza kufurukuta. Kumning'iniza kwa ngozi ya shingo ni kazi ya mama yake, naye huiacha mtoto anapokua.

Kwa aliye mwoga kupita kiasi, tumia kijiko chenye mpini mrefu: weka chakula laini kwenye ncha yake, kisukume hadi karibu na mlango wa boksi, na kila mlo upunguze umbali kwa upana wa kiganja. Usiruke hatua. Siku akigoma kula, rudi pale alipokula jana.

Kama nyumba ina watoto, kanuni yao iwe moja tu: mtoto huketi kwanza, kisha paka ndiye anayeamua.

Hatua ya 7: Chakula na uzani

Kwa wiki nzima ya kwanza mpe chakula kilekile alichokuwa akila, hata kama unacho kilicho bora zaidi, kwa sababu tumbo lililo katika hofu halihitaji mabadiliko mengine. Baada ya hapo badilisha kwa siku 7 hadi 10, ukianza na robo ya chakula kipya kwa robo tatu za kile cha zamani, kisha nusu kwa nusu, na kuendelea. Chagua chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya paka wanaokua. Cha mbwa hakifai, kwani paka huhitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, ya kutosha katika mlo wake, na akiikosa kwa muda mrefu moyo na macho yake huharibika. Mpe mara nne kwa siku mpaka afikishe takriban miezi minne, mara tatu hadi miezi sita, na mara mbili baadaye.

Picha ya paka akilamba sahani ya maziwa imewaharisha paka wengi sana. Baada ya kuachishwa kunyonya, uwezo wake wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua, na maziwa ya ng'ombe huweza kumletea kuhara ambako kwa mwili wa kilo moja hugeuka upungufu wa maji kwa haraka. Maji safi yanamtosha.

Mzani wa jikoni ni kifaa ambacho ningemshauri kila mtu akitumie. Weka bakuli pana juu yake, rudisha namba kwenye sifuri, mtie paka ndani, na uandike uzito siku ileile ya kila wiki. Mtoto wa paka mwenye afya huongezeka takriban gramu 100 kwa wiki. Anayesimama palepale au anayepungua huwa ameanza kuugua, mara nyingi siku kadhaa kabla ya dalili nyingine.

Hatua ya 8: Trei ya mchanga

Mchanga usiwe na manukato, kwa kuwa harufu inayompendeza mwenye nyumba humchoma paka puani, na mwanzoni uwe wa aina aliyoizoea. Trei iwe na ukingo wa chini anaoweza kuuvuka bila kupanda, na kina cha mchanga kiwe sentimita 3 hadi 5. Mchanga unaoganda kuwa mabonge usubiri mpaka afikishe miezi minne hivi, maana watoto huuonja. Zoa uchafu kila siku, ikiwezekana asubuhi na jioni. Akikosea mahali, usimkaripie wala usimsugue pua kwenye uchafu. Atakachojifunza ni kukuogopa na kujisaidia mafichoni. Safisha mahali hapo kwa sabuni yenye vimeng'enya, na uepuke amonia, ambayo puani mwake ni sawa na mkojo wa paka mwingine.

Mwanamke mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hii, au avae glavu na kunawa vizuri, kwa sababu ya toksoplazma, vimelea vya kinyesi cha paka vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mayai ya vimelea hivyo huhitaji siku moja au zaidi baada ya kutoka ili yaweze kuambukiza, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoacha uchafu ulale.

Hatua ya 9: Mchezo, meno na makucha

Mkono usiwe mwanasesere hata siku moja. Kuumwa na paka wa nusu kilo kunachekesha; yuleyule akifikisha kilo nne hakuchekeshi tena, na yeye hataelewa kwa nini sheria imebadilika. Tumia fimbo yenye kamba na unyoya mwishoni, iendeshe kama kiumbe anayekimbia na kujificha, mwache akamate mara kwa mara, na mwisho wa mchezo ihifadhi kabatini kwa sababu ya ile kamba. Akikuuma, mkono ugandishe, usiuvute, kwani kinachokimbia ndicho kinachowindwa. Kisha simama na uondoke kwa dakika moja. Kipigo na maji ya kupuliziwa humfundisha kuogopa mtu tu.

Kati ya mwezi wa 3 na wa 6 atang'oa meno yake 26 ya utotoni na kuota 30 ya ukubwani, na atatafuna kila kitu. Huenda ukaokota sakafuni jino dogo kama punje ya mchele lenye ncha ya sindano. Mengi huyameza bila madhara. Gogo la kukwaruzia liwe zito lisiloyumba, refu kiasi cha kumwezesha kujinyosha mwili mzima, na lisimame karibu na anapolala, kwa kuwa paka hukwaruza mara tu anapoamka.

Hatua ya 10: Daktari wa wanyama ndani ya wiki ya kwanza

Chanjo za msingi, zinazokinga dhidi ya panlukopenia (ugonjwa hatari wa virusi unaoshambulia utumbo na damu ya paka) na virusi viwili vya mafua ya paka, vya hepesi na vya kalisi, huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16 au zaidi. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12. Marudio hayo yana sababu: kingamwili alizopewa na maziwa ya mama huizuia chanjo isifanye kazi, na kwa kuwa hakuna ajuaye zitaisha wiki gani, chanjo hupigwa mfululizo ili isikosekane siku zinapokwisha. Dawa ya minyoo hutolewa kila wiki mbili hadi afikishe wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Viroboto visidharauliwe, kwani wakiwa wengi hunyonya damu ya kutosha kumuua mtoto. Fizi zilizopauka ni onyo.

Zungumza na daktari kuhusu kumfunga kizazi akikaribia miezi minne, kwa kuwa jike wa umri huo anaweza tayari kushika mimba, na kuhusu kumwekea kitambulisho cha kielektroniki chini ya ngozi. Usingoje miadi, mpeleke mara moja, iwapo hajala kwa muda unaokaribia siku nzima, anatapika tena na tena, anahara huku amelegea, anapumua kwa mdomo wazi, anajikamua kwenye trei bila mkojo kutoka, au mwili wake ni baridi. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2 za selsiasi.

Hatua ya 11: Fungua mlango, chumba baada ya chumba

Utajua amekuwa tayari akila huku umeketi karibu, akitumia trei bila kukosea, na akikulaki mlangoni mkia umesimama wima. Fungua mlango jioni nyumba ikiwa imetulia, mwache aingie kwenye chumba kimoja kipya, na njia ya kurudi chumbani kwake iwe wazi muda wote.

Ikiwa nyumba ina paka mwingine, wasionane kwa wiki moja angalau. Wabadilishane harufu kwanza: msugue mmoja mashavuni kwa kitambaa safi, kitambaa hicho ukiweke anapolala mwenzake, na vivyo hivyo kwa yule mwingine. Kisha wale pande mbili za mlango uliofungwa, sahani zikisogezwa karibu siku hadi siku. Halafu waonane kupitia wavu au mwanya. Na mwisho wakutane kwa dakika chache chini ya macho yako. Kufyonya na kutoa mlio wa hasira mara moja mbili si vita. Mwili uliokakamaa, jicho lisilobanduka na kukimbizana kwa kweli ndivyo vinavyokuambia urudi hatua moja nyuma. Mbwa afungwe kamba katika kila mkutano wa mwanzo, na paka awe na mahali pa juu pa kurukia.

Nje ya nyumba asiende kabla chanjo hazijakamilika, hajafungwa kizazi na hajawekewa kitambulisho. Na hata atakapokuwa anatamba nyumba nzima, usikivunje haraka kile chumba cha kwanza. Acha boksi lake mahali lilipo kwa wiki kadhaa, likiwa na kitambaa chake ambacho hakijafuliwa, kwa sababu siku atakapoangusha sufuria au atakapoingia fundi mwenye nyundo, huko ndiko atakakokimbilia.